Duka la Dawa Limejengwa kwa Ajili ya Nani?

"Nipe ya kichwa, mwanangu."

Ilikuwa saa nane mchana, mwezi wa pili, kaskazi imepamba moto. Bibi ameegemea nondo za dirisha la duka letu la dawa pale Ngamiani, Tanga, kanga kaivuta mpaka kwenye paji la uso, na nyuma yake wamesimama vijana watatu wa bodaboda wakisubiri zamu. Nikamwamkia, akaitikia, nikampa vidonge vyake vya paresetamoli, akalipa, akaondoka. Baada ya magharibi akarudi. Safari hii hapakuwa na mtu. Akachungulia kulia, akachungulia kushoto, kisha akasema kilichomleta: mkojo unamuunguza kwa siku ya nne sasa, na tangu juzi ana homa na kiuno kinamkata. Kichwa hakikuwa kinamuuma kabisa. Nikamwambia hilo si la kumalizia dukani, aende kituo cha afya akapimwe mkojo, na asingoje kesho.

Usiku ule niliona kosa ni lake, haya zimezidi. Ilinichukua muda kukubali kwamba kosa lilikuwa la dirisha.

Tukizungumzia mazingira ya duka la dawa tunataja mambo matatu kwa pumzi moja: liwe safi, liwe salama, mteja ajisikie vizuri. Yakitamkwa hivyo yanasikika kama ndugu wa tumbo moja. Kaa nyuma ya kaunta msimu mmoja wa kaskazi na mmoja wa masika, utayaona yanavyogombana. Nondo zinazomzuia mwizi zinamlazimisha bibi apaze sauti. Mlango ulio wazi ili watu wapate hewa unaingiza vumbi na unyevu wa bahari. Kioo cha mbele kinachomvuta mteja ndicho kinachoipika dawa. Hata kupanga vizuri shelfu kunaweza kumuumiza mtu, na hilo nitalieleza. Kwa hiyo swali la maana ni hili: kila kitu ulichokiweka humo dukani umekiweka kwa faida ya nani, na nani analipia?

Nianze na dawa, maana yenyewe haina mdomo wa kulalamika.

Maboksi mengi yanayouzwa kwetu yameandikwa dawa ihifadhiwe chini ya nyuzi 30. Namba hiyo haikuokotwa njiani. Mtengenezaji anayetaka kuuza nchi za joto na unyevu huziweka sampuli zake kwenye chumba chenye nyuzi 30 na unyevu unaofikia asilimia 75, zikae humo miezi na miezi, huku akipima kila baada ya muda kiasi cha dawa kilichobaki ndani ya kidonge. Tarehe ya kuisha muda inatokana na vipimo hivyo. Maana yake tarehe iliyopigwa kwenye boksi ni ahadi yenye sharti. Ukivunja sharti, ahadi imevunjika, hata kama boksi linasema bado miaka miwili.

Sasa Tanga, kuanzia Desemba mpaka Machi, kupita nyuzi 30 mchana ni jambo la kawaida, na hizo ni nyuzi za kivulini, nje, penye upepo. Ndani ya fremu iliyoezekwa mabati bila dari ni hadithi nyingine. Wakemia wana kanuni ya makadirio kwamba joto likipanda nyuzi 10, kasi ya dawa kuoza huongezeka mara mbili au zaidi. Si kila dawa itafanya hivyo sawasawa, lakini inatosha kukufanya utazame juu na kuyahesabu mabati.

Kipimajoto chetu kilikuwa kimening'inizwa karibu na mlango, usawa wa kifua, palepale upepo wa bahari unapopita. Kila asubuhi na kila alasiri tunaandika 29, 29, 30, 29. Daftari likapendeza. Siku moja nilikipandisha shelfu ya juu kabisa, nikakiacha huko mpaka saa tisa alasiri. Kikasoma 35. Na huko juu ndiko tulikokuwa tumeweka akiba ya dawa za watoto, kwa sababu chini pameshajaa na sabuni na pampasi zinazotoka haraka. Yaani tulikuwa tunapima joto la mlango, halafu tunaandika joto la duka.

Watu wengi wakisikia hivyo wanasema, basi wekeni feni. Feni ni jambo jema, lakini inamsaidia anayetoka jasho. Inakupoza kwa sababu inakausha jasho kwenye ngozi. Kidonge hakitoki jasho. Feni ikizunguka kwenye chumba chenye nyuzi 34, mteja atasema afadhali, na dawa itabaki kwenye nyuzi 34 zilezile, hewa ikipungwa tu. Feni inayotoa hewa ya moto nje kupitia tundu la juu ukutani ni tofauti, hiyo inasaidia, mradi nje kuna ubaridi kuliko ndani.

Kiyoyozi ndicho kinachopoza kweli, tena kinapunguza na unyevu. Tatizo lake ni usiku. Mwenye duka anafunga saa tatu, anazima kila kitu kwa sababu ya bili, na chumba kilichofungwa madirisha kinaanza kupanda joto taratibu mpaka asubuhi. Dawa inaishi saa 24, sisi tunaihudumia saa 12. Kama hela haitoshi kukiwasha usiku, ningeshauri hela ianzie kwenye dari yenye nafasi ya hewa kati yake na bati, kisha pazia au kivuli upande wa jua la jioni, na shelfu za dawa zihamishwe kutoka ukuta wa magharibi. Ukuta huo unakunywa jua kuanzia saa nane na kulitema ndani hadi usiku. Weka huko pampasi, dawa za meno, mashine ya kupima presha, chochote kisichojali.

Na kile kioo cha mbele? Maboksi yanayokaa hapo yawe matupu. Nasema hivyo kwa msisitizo kwa sababu ni jambo lisilogharimu hata senti na bado nikipita mtaani naona siropu zimepangwa juani kama maua. Ukitaka kujua boksi limekaa juani muda gani, ligeuze: upande uliotazama barabara umepauka, upande wa nyuma bado una rangi yake.

Unyevu ni adui mwenye adabu zaidi, anaingia bila kubisha. Fungua kopo la aspirini la vidonge elfu moja ambalo limefunguliwa na kufungwa mara thelathini kwa siku wakati wa masika, kisha nusa. Ukisikia harufu ya siki, hiyo siki ni ya kweli. Maji ya hewani yameivunja aspirini vipande viwili, na kipande kimoja ni asidi ileile inayoitia siki ukali wake. Kilichobaki kinaumiza tumbo zaidi na kinatibu kidogo zaidi. Dawa ya amoksilini iliyochanganywa na klavulaneti ni dhaifu kuliko aspirini mbele ya unyevu. Toa vidonge kwenye karatasi yake ya bati, viache mezani, utaviona vinabadilika rangi na kuvimba. Ile pamba iliyo mdomoni mwa kopo jipya kazi yake ni kuzuia vidonge visigongane njiani. Ukishafungua, itupe, maana inafyonza unyevu na kuuhifadhi juu ya vidonge kama sponji. Kale kapakiti kenye chembe ngumu za kukausha hewa ya ndani ya kopo ndiko ka kubaki.

Hapa ndipo huruma yetu inapoleta madhara. Mteja ana mia tano, anataka vidonge vinne. Tunachukua mkasi, tunakata pakiti, tunampa vinne. Vizuri, kapata. Lakini tarehe ya kuisha muda imepigwa upande mmoja tu wa pakiti, na upande ule kaondoka nao yeye au umebaki kwetu. Mmojawapo kati yetu sasa ana dawa isiyo na tarehe wala namba ya toleo. Kata kuanzia upande usio na tarehe, upande wenye tarehe ubaki dukani hadi vidonge vya mwisho, na tarehe ile iandike kwa kalamu kwenye bahasha ya mteja. Ni kazi ya sekunde tano. Sijui kwa nini inatushinda.

Tuje kwenye usafi, ambao kila mtu anadhani anaujua.

Asubuhi ya kawaida mtaani kwetu inaanza kwa fagio la chelewa. Sauti yake ni nzuri, na uwanja wa mchanga unastahili chelewa. Ndani ya duka la dawa ni balaa. Fagia kavu alfajiri, halafu simama mlangoni jua linapoingia upande: utaliona vumbi limesimama hewani kama moshi, na nusu saa baadaye limekwisha kutua juu ya shelfu, juu ya kaunta, juu ya trei ya kuhesabia vidonge. Umelihamisha kutoka chini ulipolikanyaga hadi juu unapoweka dawa. Dukani tunafuta kwa kitambaa chenye unyevu, kutoka shelfu ya juu kushuka, kisha tunapiga deki. Ndoo mbili, moja ya maji ya sabuni na moja ya kusuuzia, vinginevyo unapaka sakafu uchafu wa jana. Na dekio likimaliza kazi lianikwe juani. Dekio linalolala ndani ya ndoo linanuka kwa sababu kuna viumbe vinazaliana humo, na kesho utavisambaza dukani kwa nia njema. Halafu kuna lile jambo la sakafu mbichi: piga deki kabla ya kufungua, acha mlango na dirisha wazi ikauke, kwa usalama wa mzee mwenye mkongojo na ili maji yale yasigeuke unyevu wa kuingia kwenye makopo.

Jiki haihitajiki kila siku kila mahali. Sabuni na maji vinatosha kwa vumbi na alama za vidole. Jiki ni ya pale mtoto alipotapika au mtu alipodondosha damu. Ile ya kawaida yenye nguvu ya asilimia 3.5, kipimo kimoja kwa vipimo sita vya maji kinakupa asilimia 0.5, ambayo ndiyo inayotumika kuua vijidudu vya damu na matapishi. Ondoa uchafu kwanza, maana uchafu unaila jiki kabla haijafika kwa vijidudu. Changanya ya siku hiyo tu, kwa sababu jiki iliyochanganywa inapoteza nguvu, hasa kwenye joto na mwanga. Na usiichanganye kamwe na dawa ya kusafishia choo yenye asidi: inatoa hewa ya klorini inayochoma mapafu, na katika kichumba cha nyuma kisicho na dirisha mtu anaweza kupoteza fahamu. Nimemwona mwenzangu mmoja akitoka mbio humo machozi yakimtiririka. Alikuwa anataka kung'arisha tu.

Sasa tazama mikono ya mtoa dawa. Anapokea noti ya elfu mbili iliyolowa jasho, ametoka kupokea nyingine kwa muuza samaki. Anachota vidonge kwa vidole, anahesabu kwenye kiganja. Kifuko cha kutilia hakifunguki, analamba kidole, bado, anakipuliza kwa mdomo, pwaa, kimefunguka. Anatia vidonge. Yote hayo yamechukua nusu dakika na koti lake ni jeupe pe. Mteja ameridhika na usafi wa koti.

Dawa hiyo ihesabiwe kwenye trei, kwa kijiti chake bapa, na trei ifutwe kila inapobadilishwa dawa. Sababu si mate na pesa peke yake. Vidonge vya kopo vinaacha unga. Ukihesabu vya jamii ya penisilini, kisha bila kufuta ukahesabu vya mtu mwenye mzio wa penisilini, unga ule unaondoka naye. Kwa wengi hautafanya lolote. Kwa mmoja unaweza kumvimbisha uso na koo, na hatajua ni kwa nini, kwa sababu alichonunua ni dawa ya presha.

Panya sitawasema sana. Wanapenda siropu na glukosi, wanaingia kupitia nafasi ya mlango, na sumu yao haiwekwi kwenye chumba chenye dawa, tumia mtego. Maboksi yasikae sakafuni wala yasigusane na ukuta. Yapandishwe juu ya chaga za mbao, uweze kupitisha fagio na jicho. Mchwa wa Tanga wanajua kazi.

Friji nayo ina maneno. Friji ya insulini inatakiwa isome kati ya nyuzi 2 na 8, na kipimajoto kikae ndani yake, karibu na dawa. Haiweki soda, haiweki samaki wa bosi aliyenunuliwa soko la Deep Sea asubuhi. Hilo linasemwa kama suala la harufu, lakini ubaya wake mkubwa ni mlango. Friji yenye soda inafunguliwa mara hamsini kwa siku, na kila mara hewa ya moto yenye unyevu inaingia. Ubaya wa pili ni woga wetu wa joto: tukiogopa umeme utakatika tunaizungusha kitufe hadi mwisho, insulini iliyoegeshwa ukuta wa nyuma inaganda. Insulini iliyoganda imekufa, hata ikiyeyuka na kuonekana ileile. Chupa chache za maji zilizopangwa chini humo ndani zinashika ubaridi umeme ukienda, na dawa ya kwanza ya umeme kukatika ni kutoufungua mlango.

Nilisema kupanga vizuri kunaweza kumuumiza mtu. Mkaguzi anapenda dawa zipangwe kwa alfabeti, na mimi napenda, jicho linafurahi. Lakini alfabeti inaiweka kabamazepini, ya kifafa, ubavuni mwa kabimazoli, ya tezi ya shingo. Jioni, umeme hafifu, foleni imefika barabarani, mkono unakwenda pale ulipozoea. Dawa zenye majina yanayokaribiana zitenganishwe kwa makusudi, hata kama mstari wa alfabeti utakatika, na ubao mwekundu ubandikwe mahali pake: simama, soma tena. Vilevile kampuni moja mara nyingi inatia dawa zake zote kwenye maboksi ya rangi moja. Shelfu inapendeza kama sare za shule, na ndiyo hatari yenyewe. Taa nzuri juu ya kaunta ina faida kuliko vigae vipya.

Sasa nirudi kwa bibi.

Maduka mengi ya mitaani yamejengwa kwa kumfikiria mwizi. Nondo toka juu hadi chini, kidirisha cha kupitisha mkono, mteja anasimama nje barazani au barabarani kabisa. Siwalaumu, wizi upo, na dawa ni mali. Lakini ona gharama yake. Ili nikusikie inabidi upaze sauti, na nikikuuliza inabidi na mimi nipaze. "Una mimba?" "Usaha unatoka?" "Umemeza ngapi?" Maswali haya ndiyo kazi yenyewe; ndiyo yanayotofautisha duka la dawa na duka la peremende. Tanga watu wanajuana kwa ukoo, kwa msikiti, kwa kikoba. Mtu akiulizwa hayo mbele ya watu atajibu hapana kwa yote, na mimi nitatoa dawa kwa kufuata uongo nilioulazimisha mwenyewe. Mama mja mzito aliyesema hana mimba kwa sababu shemeji yake kasimama nyuma anaondoka na dawa isiyomfaa. Faragha tunaihesabu kwenye ukarimu, pamoja na kiti na maji ya kunywa, wakati mahali pake ni kwenye usalama.

Sisi hatukuwa na hela ya kujenga chumba cha ushauri. Tulichofanya ni kuzihamisha nondo. Zikawa geti la kukunja linalofungwa usiku, mchana kaunta ikawa wazi, pesa ikawa inapelekwa nyuma kila baada ya muda, na dawa zinazotakiwa kukaa chini ya ufunguo zikaingia kabatini chini ya ufunguo. Upande wa kushoto wa kaunta, penye kona, tukaweka ubao wa kuziba unaofika begani. Anayetaka kusema neno lake anasogea pale. Tulichora mstari sakafuni hatua mbili nyuma, anayesubiri asiuvuke. Wiki ya kwanza walivuka wote. Ilibidi niseme, "Kaka, tafadhali, mpe dada nafasi," mara mia, mpaka wao kwa wao wakaanza kuambiana.

Kitu kilichosaidia kuliko vyote kilikuwa redio. Ilikuwa kwenye kaunta, nikaipeleka karibu na benchi. Taarabu ikipiga kwa sauti ya kiasi masikioni mwa wanaosubiri, hawasikii yanayosemwa konani. Mwenye duka alidhani naburudisha wateja.

Benchi lenyewe lilizua mjadala. Tulikuwa nalo ndani, chini ya feni, mahali pazuri pa mzee kupumzika. Lakini duka la dawa ndipo anapokimbilia mtu mwenye kikohozi kabla hajafikiria hospitali, na kifua kikuu kinasafiri hewani, hasa kwenye chumba kidogo kilichofungwa kwa ajili ya kiyoyozi. Kumbe starehe ya mmoja ni hatari ya mwenzake. Tukalitoa benchi barazani, kwenye kivuli na upepo. Nyumba nyingi za zamani za Ngamiani zina baraza mbele. Wazee walijenga kwa ajili ya mazungumzo, sisi tunatumia kwa ajili ya hewa. Anayekohoa wiki mbili au zaidi hatumuuzii siropu ya tatu. Tunamwambia akapime makohozi kituo cha afya, na kwamba vipimo na dawa za kifua kikuu kwenye vituo vya serikali ni bure, kwa sababu wengi hawajui hilo na wanaogopa bei.

Upande wa sheria, watu huchanganya taasisi mbili. Baraza la Famasi ndilo linaloangalia jengo na watu: duka limesajiliwa, anayetoa dawa amesomea. TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, iliyokuwa TFDA hadi mwaka 2019, inaangalia dawa yenyewe: imesajiliwa, ni bora, si bandia. Na duka la dawa muhimu, mfumo ulioanzia Ruvuma mwaka 2003 kuchukua nafasi ya maduka ya dawa baridi, lina mipaka yake. Kuchoma sindano na kutundika dripu kwenye kichumba cha nyuma havimo. Nalitaja hilo kwa sababu mteja huona kile kitanda nyuma ya pazia kama huduma ya ziada. Sindano zilizotumika zinakwenda wapi baada ya hapo, waulize wenye kile kichumba, na uangalie pipa la mtaani.

Dawa zilizoisha muda zina boksi lao, limeandikwa kwa kalamu nene SI ZA KUUZA, limefungwa, liko mbali na shelfu. Haziendi jalalani kwa watoto na mbuzi, hazichomwi uani pamoja na makopo ya plastiki, hazimwagwi kwenye mtaro unaokwenda baharini. Zinaorodheshwa na kuteketezwa kwa utaratibu wa mamlaka, chini ya usimamizi wao. Utaratibu huo unachukua muda na una gharama, ndiyo maana boksi letu limejaa na lingine limeanza. Linatukera. Kila nikilipita najua tuliagiza nyingi mno, na hilo nalo ni suala la usafi.

Bibi aliendelea kuja. Mara ya kwanza alipoikuta ile kona aliitazama, akaniuliza, "Hapa mmeweka choo?" Nikamwambia hapana bibi, hapa ni pa kusemea. Akacheka hadi akashika ubao. Siku hizi anaenda konani hata kwa dawa ya kichwa, na mara nyingi ni ya kichwa kweli.

Kilichobaki ni ngazi ya mlangoni. Ni moja tu, lakini ina kimo cha goti la mtoto, na kijana wetu wa baiskeli ya magurudumu matatu bado anahudumiwa barabarani, anapaza sauti kama zamani. Tumemwomba mwenye nyumba tumwage zege la mteremko. Amesema tusubiri masika yapite.